Maswali yenu ya kambi za ng'ambo: ile fomu ya afya jazeni ukweli!

Watoto wameanza kuondoka Entebbe kwenda kambi za likizo Marekani na Uingereza na simu yangu haipumziki. Najibu chache.

Mtoto yuko Maine, Marekani, siku ya tatu, simu yake haipatikani. Nifanye nini? (Mama, Bweyogerere)
Usifanye kitu. Kambi nyingi za kule zinakusanya simu siku ya kwanza, kama ulisaini karatasi bila kusoma hiyo ni yako. Halafu angalia masaa, saa moja yako ya asubuhi kule ni saa sita usiku!

Ameandika analia, nimemjibu akishindwa nitamfuata. (Mzee, Arua)
Hapo mzee umeharibu. Siku za kwanza karibu wote wanalia, hasa usiku taa zikizimwa, mchana yuko kwenye mtumbwi amesahau hata kama ana baba. Sasa umemwonyesha mlango, atakaa anautazama huo tu. Mwandikie tena, muulize habari za wenzake, kurudi usikutaje.

Nimfungie odii, ile siagi ya karanga na ufuta? (Shangazi, Gulu)
Uliza kambi kwanza. Nyingi karanga ni marufuku kabisa, kuna watoto wakionja kidogo tu koo linavimba. Mpwa wangu alibeba kopo zima, dada kalizungushia kaveera (mfuko wa plastiki) mara tatu, likachukuliwa siku ya kwanza mbele ya wenzake na mtoto akalia kuliko alivyolia airport.

Kijana ana miaka kumi, mara moja moja anakojoa kitandani. Kwenye fomu nimeandika hapana, ni aibu. (Mama, Jinja)
Aibu ya nani mama, yako au yake? Nyinyi wazazi mnanichosha na hii fomu ya afya, kila mwaka hapana hapana hapana mpaka chini. Ukisema, kuna mtu atamwamsha usiku, shuka itabadilishwa wenzake wakiwa kwenye chai. Ukinyamaza atapewa kitanda cha juu na mwenzake wa chini ndiye atatangaza asubuhi. Na wewe unayeficha siko seli (selimundu), ziwa la kule ni baridi, baridi inaweza kumwamshia maumivu, nani atajua asitumbukizwe na wengine? Malaria pia andika, kwa herufi kubwa, kwamba anatoka Uganda. Daktari wa huko anaweza kuona homa akasema mafua, na vimelea mtoto aliondoka navyo hapa kwetu. Akipata homa apimwe damu siku hiyohiyo, si kesho.

Uingereza mtoto halali, anasema bado mchana.
Ni kweli, Julai jua linazama kama saa tatu usiku. Kitambaa cha macho.

Kadi ya yelo fiva (chanjo ya homa ya manjano) aweke wapi?
Nimejibu hii mara ngapi jamani? Begi la mkononi, pamoja na pasipoti. Na sindano ni siku 10 kabla, sio asubuhi ya safari mnakimbizana na boda.

Posho (ugali) atapata?
Hapana. Atakula sirio (nafaka kavu za asubuhi) na maziwa ya friji, atanuna siku mbili, ya tatu ataongeza bakuli.