Shangazi, nimeacha kuswali tangu mwanangu afariki

SWALI: Asalam aleikum shangazi. Mie niko Ngamiani hapa hapa Tanga. Mwanangu wa miaka 6 kafariki mwezi wa 3 kwa malaria, homa ya siku 2 tu. Toka siku hiyo kila anaekuja kunipa pole ananambia usilie utakufuru, Mungu kampenda zaidi, we bado kijana utazaa mwingine. Nikitandika mswala nalia tu na moyoni nasema kwanini mimi, basi nimeacha kuswali naogopa namkosea Mungu. Ndo imani imekwisha? Mama, Ngamiani.

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Pole, pole sana.

Hilo la kulia tulimalize haraka, Mtume mwenyewe alilia alipofiwa na mwanae Ibrahim, sasa huyo jirani kamzidi nani?

Kwanini kafa mtoto, hapo sina jibu, na anaejifanya anazijua hesabu za Mungu mkwepe. Ila hii kwanini mimi yako isikutishe. Fungua Kurani, Sura Maryam aya ya 23, bibi yetu Maryam mama wa Nabii Isa, uchungu wa kuzaa umemkamata chini ya mtende, yuko peke yake, anasema laiti ningekufa kabla ya haya nikasahaulika kabisa. Maryam huyo! Na hakukaripiwa. Aliambiwa usihuzunike, kijito hicho chini yako, tikisa shina la mtende zitaanguka tende mbivu, kula unywe. Yaani hakupewa mawaidha marefu, kapewa maji na chakula (mie hapa ndo huwa nalia kila nikisoma).

Nabii Yaqub nae alimlilia mwanae Yusuf aliyempotea mpaka macho yakawa meupe, wanawe wakamsema kama wewe unavyosemwa, akawajibu mie huzuni yangu namshitakia Allah. Unaona? Namshitakia YEYE. Anaemshitakia Mungu bado anaongea nae, wewe ulikuwa unaongea nae pale mswalani halafu watu wakakutia hofu ukanyamaza.

Mie sio shehe, ila rudi mswalani mwanangu, ulie hapo hapo, ukishaswali inua mikono, dua ikigoma sema Ya Rabbi naumia, anakielewa Kiswahili. Na ule, najua huli.

Huyo wa utazaa mwingine akija tena mwambie shangazi kasema aje na chai na mkate wa kumimina, akae na wewe, mdomo afunge.