Kabla Hujarudisha Fomu ya Mkondo

Jumapili iliyopita mpwa wangu alinijia nyumbani Kahawa West, Nairobi, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Anamaliza mwaka wa pili wa shahada ya hisabati, na idara imempa siku kumi achague mkondo: hisabati safi, hisabati tumizi, takwimu au aktuaria, yaani hesabu za bima na pensheni. Hata chai haijapoa akauliza, "Mjomba, ipi iko na kazi?"

Swali hilo silidharau. Mtu anayesoma kwa mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na nyumbani kuna wadogo wanaosubiri amalize ili nao walipiwe karo, ana haki ya kuuliza habari za kazi kabla ya mengine yote. Lakini miaka kumi na tano iliyopita niliuliza swali hilohilo, nikapata jibu, nikalifuata, na likanipotezea mwaka mzima. Ndiyo maana naandika haya, kwa ajili yake na wenzake walioshika fomu kama hiyo.

Mimi niliingia aktuaria kwa sababu ya baba mdogo. Ofisi yao ilikuwa Upper Hill, jengo moja na kampuni ya bima, na kila Krismasi alitusimulia mishahara ya wataalamu wa aktuaria aliokuwa akipanda nao lifti. Sikuwahi kumwuliza watu hao hushinda wakifanya nini. Nilipoanza masomo ndipo nikajua. Ni majedwali ya vifo, ni pensheni, ni kutafuta thamani ya leo ya shilingi itakayolipwa baada ya miaka ishirini iwapo mlipwaji atakuwa bado hai. Ni hesabu zenye heshima na historia ndefu. Edmond Halley, yule wa nyota yenye mkia, alichapisha jedwali la vifo la mji wa Breslau mwaka 1693 na kulitumia kukokotoa bei ya haki ya malipo ya kila mwaka ya mtu hadi afe. Niliyekuwa nikiketi naye darasani alizipenda hadi akawa anazifanya ndani ya matatu. Mimi nilizifaulu, lakini kila jioni nilitafuta sababu ya kutofungua daftari.

Tena hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba katika aktuaria shahada ni mlango tu. Baada yake kuna mitihani ya taaluma, wengi huifanya ile ya Uingereza au ya Marekani, na huifanya wakiwa tayari kazini, usiku na wikendi, kwa miaka. Ada huhesabiwa kwa fedha za kigeni. Ukiitaka njia hiyo, ulizia mapema kama kozi za chuo chako zinakupa msamaha wa baadhi ya mitihani, na kwa alama gani. Tofauti hiyo ni kubwa mfukoni.

Nilichojifunza ni hiki: usichague cheo, chagua jioni. Kila mkondo una kazi yake ya jioni, ile unayoifanya peke yako mhadhiri akishaondoka, na kila mmoja una namna yake ya kukukwamisha. Kukwama utakwama popote utakapokwenda. Jiulize ni kukwama kwa namna gani kutakakokufanya urudi daftarini kesho yake bila kusukumwa.

Mfano wa hisabati safi, ile wanafunzi wanayoiita pyua. Kata mraba kwenye pakiti ya maziwa, uandike 1, 2, 3, 4 kwenye pembe zake, mbele na nyuma. Kuna njia nane za kuuchukua na kuurudisha mezani ukae palepale ulipokuwa: mizunguko minne, ukihesabu na ule wa kutouzungusha kabisa, na njia nne za kuupindua. Sasa jaribu kuchagua njia tatu tu ambazo ukifuatisha yoyote kwa yoyote hutoki nje ya hizo tatu. Chukua kutozungusha, robo mzunguko na nusu mzunguko. Robo ikifuatiwa na nusu inazaa robo tatu, ambayo hukuichagua. Chukua kutozungusha na kupindua kwa njia mbili. Ukipindua hivi kisha vile unapata mzunguko, na huo nao hukuuchagua. Nilikaa na kile kipande cha pakiti kitandani hosteli hadi saa saba usiku, na kila nilipojaribu, njia ya nne ilikuwa inajiingiza. Baadaye nikajua kwamba mkusanyiko wa namna hiyo, usiotoka nje yake, huitwa kundi, nikakutana na kanuni ya Lagrange: kundi dogo lililo ndani ya kundi kubwa lazima idadi yake iigawe ile kubwa bila baki. Nane huigawi kwa tatu. Kama usiku wa namna hiyo unakuachia raha hata usipopata jibu, pyua inakuita, na mtu asikuambie haina kazi. Namba tasa zilichunguzwa tangu enzi za Euclid kwa kupendwa tu, kisha mwaka 1977 watafiti watatu, Rivest, Shamir na Adleman, wakatengeneza kutokana nazo njia ya kuficha ujumbe ambayo intaneti imeitegemea kwa miaka mingi.

Ila mzazi akikuambia pyua haina shida, "utaenda kufundisha", mweleze mambo yalivyo. Ili TSC, tume ya walimu, ikusajili kufundisha sekondari unahitaji masomo mawili ya kufundishia, na mwenye shahada isiyo ya ualimu huongeza stashahada ya uzamili katika elimu. Anayeuweka ualimu kama akiba alinde somo lake la pili tangu sasa. Asingoje mwaka wa nne.

Mimi mwenyewe niliangukia takwimu, na ilianza na kibarua cha likizo ndefu. Nilikuwa naingiza kwenye kompyuta majibu ya madodoso ya kaya za Eastlands. Nilipochora umri wa watu, nikaona minara kwenye 30, 35, 40 na 45, na mabonde kwenye 31 na 39. Nilidhani nimekosea kuchapa. Nikarudia madodoso mia mbili kwa mkono, moja baada ya jingine, na hapakuwa na kosa. Msimamizi akanieleza kwamba mtu asiye na hakika ya mwaka aliozaliwa hutaja umri unaoishia kwa sifuri au tano, na kwamba kuna kipimo chake, cha Whipple. Kinaangalia umri wa 23 hadi 62: kikisoma 100 hakuna mrundikano, kikisoma 500 kila mtu ametaja sifuri au tano. Wiki nzima sikuwaza kitu kingine. Tangu hapo, nikisikia kwamba sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296, nafikiria kila mlango uliobishwa na kila mama aliyesita kidogo kabla ya kutaja umri wake. Nikahama mkondo, na kwa kuwa baadhi ya kozi za aktuaria hazikuhesabiwa, nikamaliza mwaka mmoja nyuma ya wenzangu.

Hisabati tumizi siijui kwa undani, kwa hiyo nitasema machache. Wote tunakumbuka 2020, waziri wa afya akisoma idadi ya waambukizwa kila alasiri. Nyuma ya makadirio ya aina ile kuna milinganyo ambayo watafiti wawili, Kermack na McKendrick, waliiandika mwaka 1927: kasi ya maambukizi mapya hufuata idadi ya walio wagonjwa ikizidishwa kwa idadi ya wale ambao bado hawajaambukizwa. Ukipenda kuona kitu kikibadilika kila siku, na huna taabu kukaa na kompyuta inayokataa kutii, tazama huko.

Kwa hiyo mpwa wangu sikumpa jina la mkondo. Nilimwambia atafute mtihani wa zamani wa mwaka wa tatu kutoka kila mkondo. Achague swali moja katika kila mmoja, alikalie saa mbili, simu ikiwa chumba kingine, halafu aangalie ni lipi amelibeba hadi kitandani. Apite pia kwa aliyemaliza mkondo huo miaka mitatu iliyopita amwulize alifanya nini Jumanne iliyopita, tangu asubuhi hadi jioni. Mshahara atauliza, lakini baadaye.

Na asiache, mkondo wowote atakaochukua, aljebra ya mstari, uwezekano, uchanganuzi (ile kozi iitwayo analysis), na kuandika programu kwa R au Python. Hizo ndizo zilizoniruhusu kuhama. Anayezishika vizuri anaweza pia kuwazia uzamili, kwa mfano AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati iliyoanzia Cape Town mwaka 2003 na sasa ina kituo Kigali, hapa jirani tu.

Jambo la mwisho ni la ofisini. Mimi nilipanga semesta nzima nikitegemea kozi ya topolojia iliyokuwa kwenye kitabu cha mwongozo. Nilipokwenda kujisajili nikaambiwa haifundishwi, waliojiandikisha ni wachache, na haikufundishwa hadi nikaondoka. Kabla ya kutia sahihi, nenda idarani uulize ni kozi zipi zilizofundishwa kweli miaka miwili iliyopita, na nani alizifundisha.

Alhamisi usiku mpwa wangu alinipigia. Swali la aktuaria aliliacha baada ya dakika arobaini. La pyua alilimaliza na halijamrudia akilini. Lile la maambukizi alilichora kwenye kompyuta hadi saa nane, akibadilisha kasi aone mkunjo unavyosogea, na la takwimu bado liko mezani nusu. Kwa hiyo yuko kati ya tumizi na takwimu. Kesho asubuhi anapita idarani kuuliza zile kozi, na siku zilizobaki ni sita.