Mwani ukiisha kwenye maji, si ndio yamekuwa safi?

SWALI: Mtaalamu shikamoo. Niko kandokando ya ziwa hapa Mwanza, tunavuta maji kwa pampu kujaza simtanki. Siku hizi yamekuwa kijani, juu yana utando kama rangi ya nyumba. Nasikia mwani ni kipimo cha uchafu, sasa kuna jamaa anauza mrututu (ile salfeti ya shaba) anasema nikiweka maji yakang'aa basi ndio yamepona. Kweli?

JIBU: Marahaba. Huyo jamaa mkimbie. Mrututu utaua mwani na maji yatang'aa kweli, ila hapo umemuua shahidi halafu unatangaza kesi imeisha. Tena huo utando kama rangi mara nyingi ni sayanobakteria, yaani bakteria wanaoitwa mwani wa kijani-buluu, kina Microcystis hao, na sumu yao mikrosistini sehemu kubwa huwa imefungiwa ndani ya seli, sasa ukiziua kwa mpigo zinapasuka na sumu yote inamwagika humo humo kwenye maji unayoyaona masafi. Kuchemsha hakuitoi, na klorini ya kukadiria kwa kizibo nayo inapasua seli vilevile. WHO kikomo chao kwa maji ya kunywa ya kila siku ni mikrogramu 1 kwa lita, hiyo hata ukodoe macho vipi huioni. Kwa hiyo msinywe, msipikie, mifugo isiguse, na sampuli ifike maabara ya maji kabla hujaweka dawa yoyote.

Halafu hili la mwani kuwa kipimo watu wanalielewa nusunusu. Hatupimi ukijani jamani, tunaangalia nani yupo! Unaokota mawe mtoni, unasugua ule utelezi wa kahawia kwa mswaki, maabara unauchoma kwa asidi yabaki magamba ya daiatomu, mwani wadogo wa seli moja, magumu kama kioo, unakaa kwenye hadubini unahesabu mia kadhaa. Ukikuta Nitzschia palea, daiatomu wanaostahimili uchafu, wamejazana unaanza kutafuta majitaka yanaingilia wapi hata kama siku hiyo mto ni mweupe, maana kemikali inakupa habari za saa ile tu, mwani unakupa za wiki kadhaa. Mimi mawe yasiyo na utelezi kabisa ndio yananitisha zaidi, pengine kuna shaba au dawa ya magugu imepita hapo. Na kipindupindu daiatomu hawakuonyeshi, bakteria wana kipimo chao.

Hawa wauza dawa wanaoonyesha vichupa viwili vya maji, cha kabla na cha baada, wamejaa kila mnada siku hizi. Akija tena muulize kile cha baada kilisoma mikrosistini ngapi, na maabara gani.