Maswali ya Wasomaji: Kisima ni changu, kwa nini nipangiwe maji?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa zabibu na nyanya kaskazini mwa Jiji la Dodoma. Mwaka 2015 nilichimba kisima kirefu kwa fedha zangu, nikafunga pampu ya umeme jua na mabomba ya matone. Miaka ya mwanzo maji hayakuwahi kukatika, lakini sasa ikifika Septemba pampu huvuta kwa muda mfupi, kisha hukohoa hewa na mchanga. Hivi karibuni walikuja maofisa wakanitaka nifunge dira na nimwagilie siku tatu tu kwa wiki. Msimu uliopita mvua ilikuwa nzuri. Je, maji yamekwenda wapi, na kwa nini nibanwe mimi niliyegharimia kisima?
Mkulima, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na mvua, kwa sababu hapo ndipo wengi tunapokosea. Katika nchi kame kama Ugogo, mvua inayotosha kustawisha mtama si lazima iongeze maji ya kisima. Sehemu kubwa hunywewa na udongo wa juu na mimea, na inayobaki hukaushwa na jua kabla haijafika chini. Jirani yako wa Makutupora, bonde ambalo visima vyake vimekuwa vikilisha mji wa Dodoma kwa miongo mingi, ana kumbukumbu za kina cha maji tangu miaka ya 1950, na kumbukumbu hizo zinaonyesha kwamba maji hushuka polepole mwaka hadi mwaka, kisha hupanda kwa kishindo katika misimu michache ya mvua kubwa mno, kama ile ya El Niño ya 1997/98. Maji hayo hupenya hasa kwenye mchanga wa mito ya msimu, kama Kinyasungwe Ndogo, inapofurika. Kwa hiyo unachota katika ghala ambalo hujazwa kwa nadra, na msimu mmoja mzuri haulijazi.

Kuhusu umiliki, shimo, bomba na pampu ni mali yako bila ubishi, ila maji si yako. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 inayaweka maji yote chini ya dhamana ya Rais kwa niaba ya wananchi, na matumizi ya aina yako huhitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde. Sababu yake inaonekana pampu inapowashwa: maji yanayokizunguka kisima huinama kuelekea kwako kwa umbo la faneli, na faneli mbili zikikutana, kila mmoja humpunguzia mwenzake. Sheria hiyo hiyo hutanguliza mahitaji ya msingi ya binadamu, ndiyo maana mji hunywa kwanza. Hata hivyo, kunywa ni jambo moja na kuosha magari ni jingine, na sioni kosa mkulima akiuliza mji nao umepunguza nini.

Sasa matone, na hapa huenda nikakuudhi. Mabomba ya matone huokoa maji ya mmea, lakini hayaokoi maji ya bonde iwapo akiba hiyo inageuka kuwa ekari mbili za nyanya zaidi. Katika jimbo la Kansas, Marekani, watafiti waliona kwamba wakulima waliofunga vinyunyizio vya kubana matumizi waliishia kuvuta maji mengi zaidi, kwani walipanua eneo na kupanda mazao yenye kiu. Pampu ya jua huongeza kishawishi, maana haidai dizeli.

Huko huko Kansas, mwaka 2013, wakulima wa eneo la Sheridan waliomba wenyewe wawekewe ukomo wa umwagiliaji wa wastani wa milimita 280 kwa mwaka, yaani kina cha maji kama yangetandazwa shambani, ukihesabiwa kwa miaka mitano, ili aliyebana mwaka wa mvua atumie zaidi mwaka wa ukame. Walipunguza zaidi ya asilimia 20 na faida haikuporomoka, kwa kuwa gharama za mbegu, mbolea na nishati zilishuka pia. Mimi naona ukomo wa namna hiyo ni wa haki kuliko siku tatu kwa wiki, ambazo hazijui kama ni Januari au Septemba. Ombeni hivyo kupitia jumuiya ya watumia maji. Ila ukomo huo hauwezekani bila dira, kwa hiyo ifunge.

Tena pima mwenyewe. Mwombe fundi ateremshe bomba jembamba la plastiki kando ya la pampu, ili kamba isinase kwenye waya. Alfajiri, kabla jua halijaiamsha pampu na maji yakiwa yametulia usiku kucha, teremsha kamba yenye nati ya chuma, kisha pima kutoka mdomo wa kisima hadi pale kamba ilipoanza kulowa. Andika tarehe na mita katika daftari kila mwezi, na siku ya kikao nenda nalo.