GPS ya kuchaji ya skana yako: tengeneza mwenyewe, ila usipandishe volteji

Wakuu habari zenu. Hii naiandika kwa ajili ya Waswahili wenzangu tulioko Marekani, hasa madereva wa malori na wale wanaotembea sana barabarani na skana ya mkononi (ile redio inayopekua masafa na kukusikilizisha polisi, zimamoto na hali ya hewa), maana watu wameniuliza mara nyingi kile kiboksi kidogo kinachokaa juu ya dashibodi na waya mmoja kwenda kwenye skana ni nini na wapi kinauzwa. Hakiuzwi, nimekiunga mwenyewe, ni kipokezi cha GPS chenye betri yake ya kuchaji. Na kiukweli mtu yeyote aliyewahi kuchomelea waya kwa solda anaweza kukiunga mezani kwake jumamosi moja akamaliza.

Kwanza kwa nini uihitaji. Mimi njia yangu kubwa ni I-35, Dallas kupanda Oklahoma City mpaka Wichita. Ukitoka Dallas unapita kaunti ya Denton, Cooke, unavuka mto Red unaingia Love, Carter, Murray, Garvin, McClain, Cleveland, yani kwa masaa machache umepita kaunti kibao. Sasa majira ya tonado, ile redio ya hali ya hewa ya NOAA, idara ya serikali ya Marekani ya hali ya hewa na bahari, inayorushwa kwenye masafa saba kati ya 162.400 na 162.550 MHz inakutajia onyo kwa majina ya kaunti, "kaunti ya Garvin, kaunti ya McClain," na wewe mgeni uko kwenye usukani hujui hapo ulipo ni Garvin au ushaivuka. Mwenyeji anajua, wewe hujui. Tarehe 20 Mei 2013 tonado ya daraja la EF5, yani la juu kabisa, ilipiga mji wa Moore ambao uko kaunti ya Cleveland, pembeni kabisa ya hii barabara, na watu 24 wakafa. Kwaiyo kujua uko kaunti gani si jambo la kupuuza.

Skana kama Uniden BCD436HP au SDS100 ina kanzidata ya Marekani na Kanada nzima ndani yake, na ukiipa GPS inajua ulipo, inafungua yenyewe masafa ya zimamoto, magari ya wagonjwa na waangalizi wa dhoruba wa eneo hilo na kufunga ya kule ulikotoka. Bila GPS unatakiwa uingize zip code kwa mkono kila unapohama, na hakuna dereva mwenye akili timamu anayefanya hivyo akiwa kwenye mwendo.

Sasa watu wengi wanakimbilia kununua ile GPS ya USB ya bei rahisi inayochomekwa kwenye kompyuta, wakichomeka kwenye skana kimya. Skana yenyewe haiwezi kuendesha kifaa cha USB, yenyewe inajiona ni kifaa cha kuchomekwa kwenye kompyuta, kwaiyo vyote viwili vinabaki vinasubiriana. Kinachotakiwa ni GPS inayotema maandishi ya NMEA, ile lugha ya kawaida ya vifaa vya GPS, kwenye waya wa siriali, herufi moja baada ya nyingine. Zipo za dukani za namna hiyo lakini nyingi zinataka umeme wa kwenye soketi ya sigara ya gari, na ukishuka na skana yako kwenda kwenye mkutano wa hadhara au uwanjani haina maana tena. Ndo maana tunaunga yenye betri.

Vitu vyenyewe ni vichache. Moduli ya u-blox NEO-6M, ile ndogo inayouzwa ikiwa kwenye kibodi chake (kibao kidogo cha saketi, si kibodi cha kuandikia) na antena ya kauri ya mraba wa milimita 25. Betri moja ya lithiamu, 18650 au ile bapa ya simu. Kibodi cha kuchajia cha TP4056, chukua kile chenye ulinzi ndani yake ambacho utakijua kwa kuwa kina sehemu sita za kuchomelea, mbili zimeandikwa B na mbili zimeandikwa OUT, achana na kile chenye nne tu. Swichi ndogo, boksi la plastiki, waya. Basi.

Hapa sasa ndo pa kunisikiliza vizuri, maana karibu kila mchoro utakaoukuta mtandaoni unakwambia uweke na kibodi cha kupandisha volteji kutoka 3.7 kwenda 5, kile cha MT3608. Usiweke. Nasema tena usiweke. Kile kibodi kinafanya kazi kwa kuwasha na kuzima umeme mara milioni moja na laki mbili kwa sekunde, na kila kitu kinachowashwa na kuzimwa haraka hivyo kinazaa uchafu wa redio unaopanda mpaka juu kabisa kwenye masafa ya VHF, humohumo kwenye 150 na 160 MHz ambako zimamoto wa vijijini na redio ya hali ya hewa wanasikika kwa shida. Unakuwa umeiwekea skana yako mtambo wa kuizibia masikio, tena umeufunga na waya. Stesheni zenye nguvu hutaona tofauti, zile za mbali ndo zinapotea, na hutajua kwa nini.

Na wala huo upandishaji hauhitajiki. Chipu ya NEO-6M yenyewe inakula kati ya volti 2.7 na 3.6 tu, na kile kibodi chake tayari kina regyuleta ya 3.3 juu yake, kile kipande kinachoshusha volteji na kuishikilia hapo, kwaiyo ukipandisha mpaka 5 unaenda kuishusha tena, unachoma betri bure. Toa umeme OUT+ ya TP4056 pitisha kwenye swichi peleka moja kwa moja VCC ya moduli (pini ya umeme chanya), OUT- peleka GND (pini ya hasi). Betri ikiwa imejaa ni 4.2, regyuleta inashusha kwa utulivu bila kelele yoyote. Betri ikishuka chini ya 3.4 hivi regyuleta inashindwa kushika 3.3, lakini inachofanya ni kupitisha kile kilichopo, na hata betri ikifika 3.0 chipu bado iko ndani ya uwezo wake. Yani karibu betri nzima unaitumia. Moduli inakula kama miliampia 45 mpaka 50, kwaiyo 18650 ya 2500 mAh inakupa kwenye masaa 50 kwa hesabu, ukweli wa barabarani ni pungufu kidogo ila bado ni safari nzima kwenda na kurudi.

Kuhusu kuchaji, TP4056 inakuja ikiwa imepangwa kuchaji kwa ampia 1. Kwa 18650 sawa, kwa kabetri kadogo ka simu ka 500 mAh ni nyingi mno, kanapata moto na kuvimba. Kuna rizista moja ndogo ya 1.2k inayoamua hiyo kasi, ukiitoa ukaweka ya 5k inashuka kwenye miliampia 250, ukiweka 10k inashuka 130. Alafu zima swichi wakati unachaji. Kile kibodi kinajua betri imejaa kwa kuona umeme unaoingia umepungua mpaka sehemu ya kumi ya kasi yake, sasa kama GPS inakula hapohapo hesabu inavurugika na betri inabaki kwenye chaji muda mrefu kuliko inavyotakiwa.

Upande wa data ni waya mbili tu, TX ya moduli (pini ya kutuma) kwenda RX ya skana (pini ya kupokea) na GND kwa GND. Lakini kabla hujachomelea fungua mwongozo wa modeli yako uangalie pini, plagi zinafanana kwa nje ila pini za ndani hazifanani modeli kwa modeli. Na pima. Chukua multimita, skana ikiwa imewaka, pima pini yake ya kutolea data ikiwa imetulia: ukikuta karibu 3.3 au 5 chanya hiyo ni TTL, siriali ya volteji ndogo, moduli yako inaongea nayo moja kwa moja ilimradi si zaidi ya hapo, ukikuta volteji hasi kama -5 hiyo ni RS-232, siriali ya zamani ya kompyuta, na hapo unatakiwa uweke kibodi kidogo cha MAX3232 katikati, chenyewe kinakubali volti 3.0 mpaka 5.5 kwaiyo kinakula kwenye betri hiyohiyo.

Alafu kasi. NEO-6M inatoka kiwandani ikiongea kwa baudi 9600 (biti kwa sekunde), wakati kawaida ya NMEA 0183 ni 4800. Skana nyingi zina sehemu ya kuchagua kasi kwenye menyu, ukiweza weka 9600 umemaliza. Kama yako haina, chomeka moduli kwenye kompyuta kwa kutumia adapta ya USB ya TTL, fungua programu ya u-center ambayo u-blox wenyewe wanaitoa bure, shusha mpaka 4800 na uhifadhi. Ila ukishusha punguza na maneno, maana kwa 4800 mstari unabeba herufi 480 tu kwa sekunde na sentensi moja ya NMEA inaweza kufika herufi 82, ukiacha zote zimwagike zinajazana njia. Zima sentensi za GSV, GLL, VTG na GSA, bakiza RMC na GGA, hizo mbili ndo zenye mahali ulipo, na mwendo, na saa.

Wenye moduli mpya za M8 sikilizeni hapa. Hizo zinasoma satelaiti za Wamarekani na za Warusi kwa pamoja, kwaiyo sentensi zake zinaanza na $GN badala ya $GP, na kuna skana za zamani ambazo zikiona $GN zinakaa kimya kama hakuna kitu. Antena nzuri, satelaiti kumi na kitu, taa inawaka, skana inasema hakuna GPS. Ingia u-center, sehemu ya mipangilio ya NMEA, lazimisha herufi ziwe GP. Imeisha.

Ukiwa bado kwenye kompyuta angalia sentensi moja kwa macho yako, itakusaidia siku ya kutafuta tatizo. Inakuja hivi: $GPRMC,143205.00,A,3520.34,N,09729.22,W na inaendelea. Hiyo A maana yake imeshapata mahali, ukiona V bado inatafuta, hapo usilaumu waya wala skana, toa antena nje tu. Na 3520.34 isomwe digrii 35 dakika 20.34, si 35.2034, hiyo inachanganya wengi wanapolinganisha na ramani ya kwenye simu, wanaona wako kilomita kadhaa nje ya barabara wanadhani moduli mbovu.

Antena ya kauri itazame mbinguni, bapa, uso juu. Boksi liwe la plastiki, lile la bati la pipi ambalo watu wanapenda kulitumia linazuia mawimbi yote. Na kuna magari yenye vioo vya mbele vilivyopakwa utando mwembamba wa chuma wa kuzuia joto, kwenye hayo GPS inahangaika sana, sogeza boksi kwenye dirisha la pembeni uone. Boksi likae mbali kidogo na skana, nusu mita ya waya inatosha, usilibandike mgongoni mwa skana hata kama linapendeza.

GPS ikiwashwa bila kumbukumbu yoyote ya satelaiti na anga ikiwa wazi juu yake, inachukua kama nusu dakika kupata mahali, kwa sababu kila satelaiti inarudia taarifa zake muhimu kila sekunde 30. Kwaiyo iwashe kabla hujaondoka, ukiwa umesimama. Ukianza kuendesha katikati ya majengo marefu ya mjini huku inatafuta, itakosa kipande hiki na kile na utakaa dakika nyingi unasubiri.

Kabla hujafunga boksi fanya jaribio hili, mimi silifungi bila hilo. Weka skana kwenye stesheni ya hali ya hewa iliyo dhaifu, ile inayosikika na mkwaruzo, leta boksi karibu na antena ya skana, washa na zima swichi huku unasikiliza. Mkwaruzo usibadilike. Ukiongezeka wakati wa kuwasha kuna kitu kinachafua, mara nyingi ni waya wa data uliopita karibu mno na antena, au MAX3232 isiyo na kapasita zake zote. Kipete cha feriti kwenye waya upande wa skana kinasaidia sana. Fanya hivyohivyo na chaja ya simu ya kwenye gari, utashangaa mwenyewe.

Betri sasa, hasa kwa wenzetu mnaopanda mpaka Minnesota. Lithiamu haichajiwi chini ya nyuzi 0 za Selsiasi wala juu ya 45. Kwenye baridi kali inaweza kutumika, ila kuchaji hapana, ndani yake inajengeka lithiamu ya chuma na hiyo ndo inakuja kuleta moto baadae. Lori lililolala nje usiku wa Januari usichomeke chaja asubuhi, ingiza boksi ndani kwanza lipate joto la kawaida. Na kiangazi cha Texas usiliache juu ya dashibodi gari limefungwa, hapo joto linapita 45 mapema tu.

Mwisho ni sheria, soma kabla hujaiweka kwenye gari. Majimbo kama New York, Indiana, Florida na Kentucky yana sheria zinazobana skana ya polisi ndani ya gari, na mengi yanawaachia wenye leseni ya redio ya ridhaa (ham radio), kwaiyo kama unavuka majimbo hiyo leseni ina thamani kubwa na mtihani wake wa kwanza ni maswali 35 tu. Kwa ndugu zangu wanaotaka kuibeba kwenda nayo nyumbani, kule vifaa vya redio viko chini ya mamlaka za mawasiliano, TCRA kwa Tanzania na CA kwa Kenya, waulize wao kwanza kabla hujaiweka kwenye begi. Kanzidata ya skana haina hata masafa moja ya huko, kwaiyo utabeba usumbufu tu. Kile kiboksi cha GPS peke yake lakini unaweza kukichomeka kwenye kompyuta yoyote kwa ile adapta ya TTL, kikakuonyesha ulipo Tunduru kama kinavyokuonyesha ukiwa Tulsa.