Nimesoma uhasibu, moyo uko kwenye tezo ya baba

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni kijana wa Nungwi, Zanzibar, mtoto wa fundi wa majahazi, na babu yangu pia alikuwa fundi. Nimemaliza diploma ya uhasibu, nikafanya kazi hotelini mpaka mkataba ukaisha. Sasa nataka kurudi pwani nifanye kazi na baba, nichonge mbao kwa tezo. Nyumba nzima imenuna. Mama mdogo kasema mbele ya wageni, "Ada zote zile, mtoto kaishia kushika tezo!" Baba mwenyewe hasemi kitu. Mtoto wa kiongozi akikalia kiti cha baba yake watu hunung'unika kidogo kisha wakazoea. Mtoto wa fundi akichukua kazi ya baba yake huonekana kapotea. Je, nakosea?

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Hukosei, ila kuna jambo hujaliuliza, nitalifikia.

Mama yangu na bibi yangu walishona kofia za viua. Mimi nikawa mwalimu wa skuli ya msingi, na binti yangu naye akawa mwalimu. Mtaa mzima ulimpongeza kwa kufuata nyayo za mama, wala sikusikia hata mmoja akisema hana akili ya kwake. Lakini mimi ningeshika sindano ya mama, hao hao wangesema skuli imenishinda. Basi kumfuata mzazi hakumkeri mtu. Wanachokidharau ni kazi ya mikono, na hilo linaniudhi sana, maana kofia hizo hizo ndizo wanazovaa mabwana harusi.

Ya viongozi tumeyaona hapa hapa Zanzibar. Mzee Karume alikuwa rais wetu wa kwanza, na mwanawe Amani akatuongoza tangu 2000 hadi 2010. Mzee Mwinyi aliongoza Zanzibar kabla ya kuingia Ikulu ya Muungano mwaka 1985, na mwanawe Dk. Hussein ni Rais wa Zanzibar tangu 2020. Wapo wasemao kwamba aliyelelewa katika uongozi anaujua. Wapo waulizao kama mtoto wa mvuvi wa Mkokotoni angesikilizwa vile vile. Kwangu mimi swali hilo ni la haki, kwani kwenye siasa jina hufungua mlango kabla mtu hajapimwa.

Zipo kazi ambazo jina halisaidii. Noah Wanyama wa Kenya alichezea timu ya soka ya AFC Leopards, na wanawe McDonald Mariga na Victor Wanyama wakafika Ulaya. Mwaka 2012 Victor alipoifunga Barcelona akiwa na Celtic, jina la baba halikumfaa kitu pale uwanjani. Ya kwako ni ya namna hiyo. Kalafati, ile pamba ya kuzibia nafasi za mbao, ikikaa vibaya maji yataingia, hata babu yako awe nani.

Sasa lile usilouliza: hiyo kazi unaijua? Kuzaliwa karibu na mataruma, zile mbavu za chombo, si kuyajua. Baba yako hachori ramani. Anapima kwa jicho, anateua mti uliojipinda wenyewe ndio uwe taruma. Kaa chini yake kama mwanafunzi mwingine yeyote, ulipwe anacholipwa mwanafunzi. Na uhasibu wako usiutupe. Mbao nyingi zinavuka bahari kutoka bara, misumari inapanda bei, wateja wanalipa nusu nusu. Piga hesabu ya chombo kimoja, tangu kulazwa mkuku, ule mti wa chini kabisa, mpaka kushushwa majini, uone kama kinalisha nyumba mbili. Kama hakilishi, ni heri mjue kabla hujaoa.

Mama mdogo mwache. Kimya cha baba ndicho kinachonishughulisha. Mafundi wengi walijinyima ili watoto wasiumwe migongo kama wao. Huenda anafurahi na anaona haya kusema, huenda anahisi ada yake imekwenda bure. Usimuulize nyumbani. Mfuate pwani wenzake wakiwa wamekwenda kula, umwambie kwamba hukurudi kwa kukosa kazi, kama kweli si kwa hilo. Hoteli ikikuita kesho, utabaki? Jijibu mwenyewe kwanza, maana hilo ndilo atakalokuuliza.