Nenda warshani na simu iliyokwenda mrama

Dada mmoja niliyekuwa namfundisha Kiingereza cha kazini kwenye kampuni ya uwakala wa forodha, si mbali na bandari, alipigiwa simu na mteja wa Uingereza. Mteja akauliza kwa Kiingereza: bado hujatuma hati za mzigo? Dada akajibu "Yes". Kwa Kiswahili chetu jibu hilo limenyooka: ndiyo, usemavyo ni kweli, sijatuma. Mteja akasikia kinyume chake, maana kwa Kiingereza "Yes" ya hapo ni kusema zimeshatumwa, akakata simu ameridhika. Siku nne baadaye kontena liko palepale, gharama za storeji zinapanda, na dada wa watu ameitwa kwa bosi kama mtu aliyesema uongo.

Nilikuwa nimemfundisha miezi minne. Nyakati za vitenzi alizijua, barua rasmi aliandika vizuri, na mtihani wangu wowote angeufaulu. Kwa simu ile sikuwa nimemwandaa. Iliniuma sana, na bado inaniuma nikiikumbuka.

Wiki chache baadaye nilikwenda warsha ya siku mbili Mikocheni, ya wakufunzi wa Kiingereza cha kazini na mawasiliano ya watu wa tamaduni tofauti. Mwezeshaji alikuwa mama mtu mzima aliyefundisha wafanyakazi wa benki kwa miaka mingi. Hakuanza na projekta. Alitaka kila mmoja wetu asimulie mazungumzo ya kazini ya mwanafunzi wake yaliyoharibika, nani alisema nini, na nini kikafuata. Nikasimulia ile simu. Mwenzangu anayefundisha mahotelini akadakia, "Hiyo ninayo kila wiki, mwalimu." Mgeni anauliza kama chumba hakijawa tayari, wa mapokezi anajibu "Yes", mgeni anabeba begi lake anapanda juu na kumkuta mhudumu anatandika kitanda.

Kufika chakula cha mchana tulikuwa na zoezi. Mwanafunzi anaacha kujibu kwa neno moja, analitaja tendo zima: nimetuma, au bado sijatuma, nitatuma leo jioni. Tukalifanya wawiliwawili tumepeana migongo, kwa sababu kwenye simu hakuna uso wa kukusaidia. Mama yule akaongeza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria kabisa: zoezi hilohilo lifundishwe na kwa mgeni anayekuja kufanya kazi Dar. Aambiwe asiulize kwa ukanushi, kama "hujatuma?" Kwa nini mzigo wote wa kueleweka abebe Mtanzania peke yake?

Tangu siku hiyo nimebadili namna ninavyochagua warsha, na hilo ndilo ninalotaka kukushauri, mwalimu mwenzangu. Usiende mikono mitupu. Nenda na jambo lililomshinda mwanafunzi wako, limeandikwa neno kwa neno kadiri unavyoweza, majina yamefutwa, na mwenyewe ameridhia. Kama mwandaaji hana nafasi ya kulipokea jambo hilo, hiyo ni mihadhara, na mihadhara unaweza kuisikiliza ukiwa kwenye mwendokasi.

Kabla ya kulipa mpigie simu mwandaaji, uulize kama utasimama kufundisha mbele ya wenzako. Hilo kwangu lina uzito kuliko cheti. Kwenye warsha moja nilipewa dakika 15, mwenzangu amekaa nyuma na saa ya simu. Nilipomaliza akanionyesha: dakika 11 nilikuwa naongea mimi. Hakuna kitabu kingeniambia hivyo, na darasani kwangu hakuna mwanafunzi angethubutu kumwambia mwalimu. Uliza pia ni nani wengine wanakuja. Walimu wa sekondari ni watu wazuri, nilikuwa mmoja wao, lakini anayefundisha kidato cha pili na anayefundisha mainjinia wana shida tofauti, na ukikaa siku mbili na watu wa shida nyingine unarudi umechoka tu.

Kuhusu posho nitasema wazi. Wengi wetu tunalipwa kwa saa. Siku ya warsha ni siku isiyo na darasa, halafu kuna nauli ya kutoka Mbagala au Gongo la Mboto, na ada juu yake. Simlaumu anayeuliza kama kuna posho. Lakini nimeona warsha ambazo posho ndiyo iliyowaleta watu, na baada ya kusaini mahudhurio viti vinabaki vitupu. Piga hesabu yako kamili, pamoja na masaa uliyoyaacha, kisha jiulize kama shida uliyonayo mkononi ina thamani hiyo. Wakati mwingine jibu ni hapana, na ni sawa.

Sasa niseme juu ya upande wa tamaduni, maana hapa ndipo wakufunzi wengi tunameza vitu vizimavizima. Kuna warsha niliyohudhuria ambako ukutani zilionyeshwa namba za Geert Hofstede, yule mtafiti wa Uholanzi. Tanzania ikaandikwa 64 kwenye kipimo cha umbali wa madaraka, yaani jinsi watu wanavyokubali kwamba mkubwa ni mkubwa. Vichwa vikatikiswa, tukanakili kwenye madaftari. Nilipokwenda kusoma mwenyewe nikakuta kwamba data zake za mwanzo zilitoka kwa wafanyakazi wa IBM, zikakusanywa kati ya mwaka 1967 na 1973, na kwamba 64 hiyo haikuwa ya Tanzania peke yake. Ilikuwa ya "Afrika Mashariki", fungu lililochanganya Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia. Nchi nne, namba moja! Na mimi nilikuwa tayari kuipeleka kwa wateja.

Sisemi kazi ya Hofstede itupwe. Ilifungua mjadala mkubwa, na Edward T. Hall kabla yake, aliyeandika juu ya tamaduni zinazosema mambo waziwazi na zile zinazoacha muktadha useme, amenisaidia kueleza kwa nini "tutaangalia" ya ofisini Posta mara nyingi ni hapana. Ninachokataa ni kumpa mgeni namba ile kama jibu. Mpeleke Kariakoo asubuhi amsikilize muuza vitenge akimkatalia mteja bei, wazi, bila kupepesa macho. Halafu mrudishe kwa karani ambaye hatamwambia bosi hapana hata akikazwa vipi. Jiji moja, lugha moja. Kwa hiyo ukiwa warshani na namba kama hizo zikatokea, inua mkono uulize: zilitoka kwa nani, lini, na zinafanana na nini ulichokiona kwa mwanafunzi wako? Mwezeshaji mzuri hufurahi.

Na uangalie warsha imemweka nani upande wa pili wa mazungumzo. Nyingi bado zinamfikiria Mwingereza au Mmarekani. Wanafunzi wangu kwa sehemu kubwa wanaongea Kiingereza na watu ambao nao wamejifunza ukubwani. Reli ya SGR iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Morogoro mwaka 2024 ilijengwa na kampuni ya Uturuki, na kazi ya namna hiyo haiendi bila Mtanzania na Mturuki kuelewana kwa lugha isiyo ya mama zao wote wawili. Watafiti watatu wa Finland, Louhiala-Salminen, Charles na Kankaanranta, walilipa jambo hili jina mwaka 2005 walipochunguza kampuni zilizoungana za Wafini na Waswidi: Kiingereza cha biashara kama lugha ya wote, ambacho hakina nchi inayokimiliki. Hapo kipimo ni kama kazi imekwenda. Lafudhi ya London haina kazi hapo. Nilipolielewa hilo niliacha kupoteza vipindi kwa kusahihisha matamshi ambayo hayamzuii mtu yeyote kuelewa.

Warsha za mtandaoni zipo nyingi, na BESIG, kundi la Kiingereza cha biashara ndani ya IATEFL, chama cha kimataifa cha walimu wa Kiingereza, linafaa kufuatiliwa. Andaa bando la kutosha na simu ya akiba umeme ukikatika. Na saa ihesabu mara mbili: saa tisa alasiri ya London ni saa kumi na mbili jioni kwetu wakati wa baridi yao, na saa kumi na moja wakati wa kiangazi chao. Nimewahi kuingia wakati watu wanaagana.

Ukirudi, lile ulilojifunza lifundishe ndani ya wiki hiyohiyo, hata likiwa bichi. Mimi huandika jambo moja tu kwenye daftari na tarehe ya darasa nitakalolijaribu. Mambo kumi hayajawahi kunifikisha popote.

Na kama hakuna warsha inayokufaa, anzisheni ya kwenu. Sisi tuko watano, tunakutana Jumamosi moja kwa mwezi Kijitonyama, sebuleni kwa mmoja wetu, kuanzia saa nne. Kila mmoja analeta chai au maandazi, na mmoja analeta mazungumzo yaliyoharibika. Mwezi uliopita mwenzetu alileta barua pepe ya mhasibu iliyoanza moja kwa moja na deni, bila hata salamu, kwa mteja wa Zanzibar aliye rika la baba yake. Tulibishana mpaka saa nane, tukaiandika upya mara tatu, ya kwanza ikawa ndefu mno, ya pili ikaficha deni lenyewe. Ya tatu ndiyo ilikwenda. Zamu inayofuata ni yangu, na yule dada wa forodha ameniruhusu nilete rekodi ya kikao chake cha kwanza akiwa msimamizi.